Mwisho Aliousimulia Fundi

Ukimpelekea Fundi televisheni iliyokufa, hakukuuliza imeharibika nini. Alikuuliza ilikuwa inaonyesha nini ilipozima. Watu walidhani anatania, lakini jibu aliliandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika mgongoni mwa televisheni: mpira, kipindi cha pili, mahubiri, mapishi, katuni ya watoto. Siku ya kuichukua, kabla hujainyanyua, alikisoma kile kibandiko na kukuuliza, "Ule mpira uliishaje?" Ukimjibu, alikibandua na kukitupa. Kama hukujua, alitikisa kichwa na kukuacha uondoke nacho, kwa sababu kwake kazi ilikuwa haijakwisha.

Nilimjua tangu mwanzoni mwa mwaka 2017, nilipohamia Gulfton, mtaa wa Houston, hadi Oktoba 2020, nilipoketi naye mara ya mwisho. Tulikaa jengo moja, yeye chini na mimi juu yake. Watanzania, Wakenya na Wakongo wote walimwita Fundi. Hata meneja wa majengo, Mmarekani, aliamini kwamba hilo ndilo jina lake la ukoo na aliliandika kwenye sanduku lake la barua. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya redio Dar es Salaam kabla ya kuja kuwa karani wa kliniki Houston, na alipolijua hilo aliacha kuniita kwa jina.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mtangazaji. Habari. Na zisomwe kwa muhtasari, nina kazi."

Sebule yake haikuwa na kochi. Ilikuwa na meza ndefu, taa moja ya kuning'inia, bisibisi zilizopangwa ukutani kwa urefu, na televisheni kama kumi na tano zilizogeuziwa ukuta kama watoto waliotiwa adabu. Nyingi alizitoa kando ya mapipa ya taka. Gulfton watu huhama kwa haraka, na kinachoshindwa kuingia garini huachwa pale. Fundi alipita asubuhi baada ya sala, shati limepigwa pasi na kalamu mfukoni, akizikagua moja moja. Akipata inayofaa aliibeba mwenyewe, akaifufua, akampa jirani mgeni aliyefika na masanduku tu. Hakuipeleka mpaka aliyepewa amwambie angependa kuangalia nini.

Alikuwa mtu wa saa. Akisema atakuja saa kumi, ungeweza kurekebisha saa yako kwa hodi yake. Lakini ukimuuliza televisheni yako itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa moja mwaka mzima: "Njoo Alhamisi."

"Alhamisi gani, Papa Fundi?" Maman Noella alimuuliza siku moja mbele yangu. Huyu alikuwa jirani yetu kutoka Uvira, Kongo, mfanyakazi wa ghala, mwanamke mrefu ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote isipokuwa mashine. "Ya juma hii ao ya mwaka kesho?"

"Alhamisi ni Alhamisi, Mama."

"Ulinisemea vile juma yenye ilipita. Nilikuja. Ulikuwa unakunywa chai."

"Na wewe nilikupa chai."

"Chai haionyeshe picha, Papa."

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Ndipo akatueleza lilikotoka neno lile. Zamani, alipokuwa mwanafunzi Dallas, kulikuwa na kichekesho kimoja cha televisheni ambacho Marekani nzima ilikipenda. Kilihusu duka la dobi katika mji wa baridi. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mzee mmoja alileta koti lake lisafishwe, akapewa stakabadhi, na koti likapotea. Tangu hapo, kila wiki, kwa miaka, yule mzee aliingia na karatasi yake mkononi kuuliza koti, na kila wiki mwenye duka alimjibu, njoo Alhamisi. Mzee alisema asante na kutoka. Watu walicheka kila mara, ingawa walijua kinachokuja.

"Na koti lilipatikana?" nikauliza.

"Hilo ni la mwisho," akasema. "La mwisho halisimuliwi bure."

Alisema hivyo, lakini alilisimulia mara nyingi, na sikuzote palipokuwa na ugomvi. Nilimsikia kwa mara ya kwanza wakati Maman Noella alipokuwa hasemi na dada yake wa Fort Worth. Msiba ulitokea kwao Uvira, dada akapata habari kwanza, akachelewa siku tatu kumwambia. Miezi minane ilipita bila simu. Fundi alikuja kwake kufunga waya wa televisheni, nami nilikuwepo, na huku amepiga magoti nyuma ya kabati akaanza kusimulia kama mtu anayezungumza na ukuta.

Katika sehemu ya mwisho, alisema, mzee anaingia dukani na stakabadhi yake. Safari hii mwenye duka hasemi njoo Alhamisi. Anatoka nyuma ya kaunta, anasimama mbele yake, anamwambia: koti lako nililipoteza mimi mwenyewe, siku ile ile ya kwanza. Niliona haya kusema. Na kila ulipokuja, haya iliongezeka. Nisamehe. Mzee anaikunja ile karatasi na kumjibu: nilikwisha kukusamehe siku nyingi. Mimi nilikuwa nakuja tu kuona kama duka limefunguliwa.

Fundi akaibuka nyuma ya kabati, akajikung'uta magoti. "Washa, Mama, tuone."

Maman Noella hakuwasha. Aliniuliza kama simu yangu ina chaji, kwa sababu yake ilikuwa imezima, akaenda nayo chumbani na kufunga mlango. Tulisikia akimwita dada yake, "Yaya? Ni miye." Fundi aliniashiria tutoke.

Mtu huyu aliyepatanisha watu kwa kichekesho cha televisheni, mwenyewe hakutazama televisheni. Alikuwa na moja yake, ya kizamani, nene kama sanduku la nguo, kwenye kona. Ilifanya kazi, aliitumia kupimia waya. Mgongoni ilikuwa na kibandiko cha plasta kama zile nyingine, ila kimezeeka hadi wino umekwisha. Sikuwahi kumuuliza kilisema nini. Kile kichekesho cha dobi kilikuwa bado kinarudiwa jioni kwenye stesheni za vichekesho vya zamani, na mara moja moja alikiacha kionekane huku akilehemu, akitangulia kuyasema maneno ya waigizaji kabla yao. Lakini nilimwona mara mbili akiinuka na kuchomoa plagi ukutani kabisa, katikati ya kipindi. Mara ya pili nikamuuliza kulikoni.

"Hii ni ya msimu wa mwisho," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Jambo jingine lilikuwa mkewe. Alijua ndoa za watu wote wa jengo letu, nani hasemi na nani, na kwa nini. Ya kwake hakuitaja. Tulijua tu kwamba mke alibaki Tanga, kwamba alifariki huko, na kwamba binti yao Rehema, muuguzi aliyekaa Stafford, mji wa jirani, aliletwa kwa baba yake akiwa na miaka tisa. Rehema alikuja na gari kila Jumapili kumchukua, kwa kuwa Fundi hakuendesha. Kuishi Houston bila gari ni kuamua kutokwenda popote, na yeye alikuwa ameamua.

"Baba, nita-apply kibali cha kukuhamisha kwa nguvu," Rehema alimtania. "Chumba kipo, uwanja upo, wajukuu wapo."

"Watoto wako wananijibu Kiingereza."

"Si uwafundishe."

"Nitawafundisha Alhamisi."

Mafuriko ya Agosti 2017 ndiyo yaliyonionyesha kwamba kuna kitu alichokithamini. Maji yaliingia vyumba vya chini kabla ya saa sita mchana. Tulishuka kumsaidia tukidhani tutaanza na televisheni. Baadhi zilikuwa mezani, nyingine sakafuni, na maji yalikuwa yamefika magotini. Fundi alisimama mlangoni, kanzu imepandishwa kiunoni, juu ya kichwa ameshika bati la biskuti la bluu kwa mikono miwili.

"Kwanza hili," akasema.

Nilidhani ni hati zake za uraia. Alikaa kwangu wiki mbili, nalo lilikaa juu ya friji yangu wiki mbili, na hakulifungua. Televisheni saba zilikufa. Aliziandikia vibandiko, "maji," akazirudisha mwenyewe kwenye mapipa.

Mwaka uliofuata nilijifunza jambo bila kulitafuta. Kliniki kwetu kulikuwa na mwenzangu mmoja, Mmarekani wa makamo, mwanamke wa maneno machache. Siku moja wakati wa chakula alikitaja kile kichekesho. Alisema alikuwa msichana usiku ule sehemu ya mwisho ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, na baba yake alifunga duka lake mapema ili wote wawepo. Nikafurahi kwamba nina la kuchangia. Nikamsimulia mwisho: msamaha, karatasi iliyokunjwa, duka limefunguliwa.

Aliniangalia. "Ni mzuri," akasema. "Lakini haukuwa hivyo."

Nilibisha. Hakubishana nami. Jumamosi nikaenda maktaba, nikakuta diski za misimu yote, nikaazima, nikatazama sehemu ya mwisho mara mbili nikiwa na daftari. Mwenzangu alisema kweli. Duka linauzwa. Mashine zinabebwa nje. Mwenye duka anafanya utani na wachukuzi, anazima taa, anafunga mlango, anakwenda zake. Kisha mzee anakuja mbio na stakabadhi yake, anakuta pamefungwa. Anatazama karatasi, anatazama saa yake, anajipiga kofi usoni: leo Ijumaa. Amechelewa kwa siku moja. Watu wanacheka. Anaibandika stakabadhi kwenye kioo cha mlango na kuondoka akipiga mluzi. Hakuna radhi iliyoombwa, hakuna iliyotolewa.

Niliandika hayo yote, na chini yake nikaandika: Ameyatoa wapi?

Sikumuuliza hivyo. Nilimuuliza kwa mbali, kama nilivyofundishwa redioni: ule usiku wa kwanza, Fundi, wewe ulikuwa wapi? Alijibu bila wasiwasi, huku akipuliza vumbi kwenye saketi.

Alikuwa amepanga chumba Carrollton, kando ya Dallas, kwa mjane mmoja wa Kimarekani. Mchana alisoma, jioni alisafisha ofisi mjini Dallas. Kwa wiki nzima watu hawakuzungumza kingine. Mjane alialika majirani, akaoka keki yenye umbo la koti. Fundi aliomba ruhusa kazini, akanyimwa. Basi akaitegesha deki ya mjane irekodi yenyewe, akapanda basi. Alikuwa abiria peke yake. Kwenye jengo la ofisi, mlinzi alikuwa na kitelevisheni kidogo na hakutaka kusumbuliwa. Aliposhuka kituoni akirudi Carrollton, kipindi kilikuwa kimekwisha sasa hivi, na watu walikuwa wanatoka kwenye nyumba za wenzao, wanasimama barazani, wengine wanafuta macho.

"Niliuona mwisho kwenye nyuso zao," alisema. "Sikujua tu walikuwa wanalia kwa kucheka au kwa kulia."

"Lakini deki ilirekodi."

"Ilirekodi. Ila kulikuwa na mtu anasafiri."

Hapo hakuhitaji kunieleza. Kila mmoja wetu ameishi kwa hesabu hiyo. Mtu akisafiri kwenda nyumbani, mizigo yote ya wenzake inakuwa na haraka: dawa za mzazi, viatu vya mtoto, miwani, barua. Kwa miaka mitatu Fundi alikuwa akirekodi kile kichekesho na kumpelekea mkewe kanda kwa kila msafiri aliyepatikana, ili wacheke kitu kimoja. Jirani yao Tanga alikuwa na deki. Na msafiri wa safari hii alikuwa anaondoka alfajiri.

"Hukuitazama kwanza?"

"Mtu amefunga masanduku, Mtangazaji. Nimwambie asubiri nicheke kwanza? Nikampelekea jioni ile ile. Nikamwandikia mke wangu: tazama wewe, kisha niandikie ilivyokwisha."

"Akakuandikia?"

"Aliandika," akasema, na safari hiyo hakusema zaidi.

Sasa nilikuwa na jibu la swali langu la daftarini, na jibu lilikuwa na tatizo. Miezi michache nyuma, Maman Noella alikuwa ameletewa kanda ya harusi ya mdogo wake kutoka Uvira. Fundi aliitia kwenye deki, yakatoka mawimbi ya kijivu yanayopanda na kushuka, na sauti kama ya nyuki. Maman Noella akamwambia deki yake ni nzee kama yeye. Fundi akamweleza kwa upole kwamba haina ubaya, ila mfumo wa picha wa Marekani na ule wa kwao si mmoja, na kanda ya upande mmoja haionekani kwenye deki ya upande wa pili. "Wengi tumekosea hapo," alisema.

Kwa hiyo alijua. Kanda zake zote, miaka mitatu ya vicheko, zilifika Tanga zikawa mawimbi ya kijivu, na mkewe bila shaka kila mara aliandika kwamba zimefika na wamecheka. Na mwisho wa duka la dobi aliutunga mwenyewe, ili mume asijue kwamba alipoteza jitihada.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Nikaona kwamba Fundi amechagua kukaa na mwisho wa mkewe, na ndiyo maana anachomoa plagi. Nikaamua kwamba kazi yangu ni kunyamaza. Nilijivunia kidogo, maana wenye kazi yangu ya zamani hawana sifa ya kunyamaza. Nilinyamaza karibu miaka miwili.

Mwaka 2019 Rehema alishinda, Fundi akahamia Stafford. Alikwenda na meza, bisibisi, bati, na ile televisheni nene. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, na mwaka 2020 hatukuonana kabisa. Rehema alikuwa akiwauguza watu hospitali na hakuruhusu mtu kumkaribia baba yake. Mwezi wa Oktoba simu yangu ililia nikiwa kazini.

"Mtangazaji. Jumatatu wananipasua moyo. Nimeshika orodha hapa natembeza radhi, imefika zamu yako."

Alikuwa akifanya kama afanyavyo mtu wa kwetu aliye mbele ya safari ambayo hajui kama ina kurudi. Nami nilijua jibu lake.

"Kama niliwahi kukukosea kwa neno," alisema, "au kwa moshi wa risasi ya kulehemu uliopanda chumbani kwako, nisamehe."

"Nimekusamehe, Fundi. Na mimi unisamehe."

Hapo watu huishia. Kila upande umesema, mnaagana. Lakini Fundi alikuwa mtu wa kutaka maelezo.

"Nikusamehe nini?"

Ningeweza kusema yote kwa jumla. Nikasema, "Nimeuona mwisho wa duka la dobi. Ule wenyewe. Mwaka wa pili sasa, na sikukwambia."

Nikamsikia akiweka kitu mezani.

"Usiniambie," akasema. "Njoo Alhamisi. Njoo nao."

Maktaba ilikuwa inatoa diski kwa dirisha la gari. Alhamisi alasiri nilifika Stafford nikiwa na barakoa. Rehema alikuwa amefungua mlango wa gereji na kupanga viti viwili mbalimbali, kimoja ndani, kimoja kwenye njia ya gari. Televisheni nene ilikuwa juu ya meza ya kazi, imeungwa na mashine ya diski. Fundi alikuwa amekonda, shati limepigwa pasi. Bati la biskuti lilikuwa mapajani mwake.

"Kabla hujaweka," alisema, "nikwambie unaweka nini."

Akanieleza kwa utaratibu, kama anayeeleza hitilafu. Alipopata nafasi ya kuja kusoma, mkewe alikuwa na mimba ya Rehema, miezi saba. Alimwambia ni miaka miwili tu. Mke akamwambia, ukiondoka sasa usiniage. Na yeye, kwa ujeuri wa ujana, hakumuaga. Alitoka asubuhi na sanduku, mke amegeukia ukuta. Miaka miwili ikawa tisa, mke akafa. Barua zake zote zilikuwa za mistari minne: mtoto hajambo, kanda imefika, tumecheka. Juu ya asubuhi ile, hakuandika neno. Ila barua moja, ya kurasa nne, yote kuhusu mwisho wa duka la dobi.

"Kanda haikuonekana kule," nikasema. "Si ulijua?"

"Nilijua kuhusu deki ya jirani yetu. Lakini mtaani palikuwa na mwenye duka la vitambaa, ana ndugu Uarabuni, alikuwa na deki inayokubali kanda zote. Sijui kama alikwenda kwake. Nilipojua la kuuliza, mke hayupo, na mwenye duka hayupo. Wakati wa kanda ile Rehema alikuwa na miaka mitatu, hakumbuki." Akagonga bati kwa kidole. "Sasa angalia. Kama alikwenda, basi alinisimulia alichokiona, na hayo maneno ni ya waigizaji. Kama hakwenda, hayo maneno ameyatoa wapi?"

Ndipo nilipoona kosa langu. Kwa miaka miwili nilimlinda na kitu alichokuwa anakingoja.

"Mbona hukutazama siku zote hizi?"

"Nikiyakuta mle, hayatakuwa yake tena. Bora nilikuwa sijui. Lakini Jumatatu ni Jumatatu." Akavaa miwani. "Weka."

Nikaweka. Rehema alipita na chai, akatuangalia, akarudi ndani. Mashine zikabebwa nje ya duka. Mwenye duka akawatania wachukuzi, na Fundi akatangulia kusema maneno yake mawili matatu kwa kubahatisha, akapata moja. Taa ikazimwa. Mzee akaja mbio, akatazama saa yake, akajipiga kofi, na Fundi akacheka kwa sauti, kicheko kile cha kuvua miwani, akashika kifua kwa tahadhari. "Ijumaa," akasema. "Mpumbavu amekuja Ijumaa." Stakabadhi ikabandikwa kwenye kioo. Majina yakaanza kupanda.

"Rudisha," akasema. "Kuanzia taa."

Mara ya pili hakucheka. Aliinama mbele na kusikiliza kama anavyosikiliza saketi yenye mlio. Majina yakapanda tena.

"Hakuna aliyeomba radhi."

"Hakuna."

"Na pale pa kuona kama duka limefunguliwa. Labda wamekata?"

"Diski hii ni nzima, Fundi. Nilitazama mara mbili. Hakuna neno kama hilo."

Aliegemea nyuma. Sauti ya magari ya barabara kuu ilisikika kwa mbali. Aliweka mkono juu ya bati.

"Rehema," akaita. "Njoo, mama. Njoo na miwani yako ya kusomea."

Rehema alitoka akikausha mikono. Fundi alifungua bati. Ndani hamkuwa na hati za uraia wala kitu kingine, ila bahasha moja ya barua za ndege yenye kingo nyekundu na bluu, laini kama kitambaa.

"Hii ni ya mama yako. Sikukupa kwa sababu nilikuwa sijajua aliniandikia nini. Soma kwa sauti, Mtangazaji asikie vizuri huko aliko."

Rehema alisoma amesimama. Mama yake aliandika kwamba mtoto hajambo, kanda imefika, na kwamba duka la dobi limekwisha kama ifuatavyo. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti yake ya kazini, sauti ya kuwasomea wagonjwa maelekezo. Kwenye ukurasa wa tatu sauti ikapungua. Fundi alikuwa ameinuka, amekwenda nyuma ya televisheni yake nene, anakwangua kitu kwa ukucha. Ilikuwa ile plasta ya zamani. Iling'oka kwa vipande, akavikusanya kimoja kimoja kwenye kiganja na kuvitia mfukoni mwa shati, nyuma ya kalamu.

Rehema alifika mwisho, akaikunja barua.

"Soma tena, mama," Fundi akamwambia kutoka nyuma ya televisheni. "Hapo pa kuona kama duka limefunguliwa."